Pua ya Nyumba ya Pampu

Jumatatu, 5 Machi 1956

Leo nimeamua kuwa kapita, msimamizi wa wenzangu. Uamuzi ulinijia njiani, nikishuka kutoka Murara kwenda kazini Keshero. Ajabu ni kwamba sikuufikiria mapema.

Sababu iko wazi. Jumamosi wakubwa wa kampuni watakuja kutoka Bukavu. Bwana Moerkens, injenia wetu, alitukusanya asubuhi akasema siku hiyo atachagua mtu mmoja wa kusimamia pua zote. Alitazama upande wangu. Kataliko alikuwa amesimama nyuma yangu, lakini nina hakika Bwana alinitazama mimi.

Niandike kazi yetu, ili siku nitakapokuwa mkubwa nisisahau nilikotoka. Kampuni inatafuta gesi ndani ya ziwa. Pampu inavuta maji ya kilindini, maji yanapanda yakitoa mapovu kama bia, na mapovu hayo ndiyo gesi. Iko ya namna mbili. Moja nyepesi, inapaa na kushika moto. Nyingine nzito, inatambaa chini na kulala kwenye mashimo. Hiyo ya pili kila mtu wa Goma anaijua. Ni mazuku. Mbuzi anashuka shimoni kula majani, hapandi tena.

Basi tumefungiwa ukutani masanduku kutoka Ulaya. Sanduku lina mdomo wa wavu, mshale na kengele. Gesi ya moto ikiingia wavuni, mshale unapanda. Ukifika alama nyekundu kengele inalia, watu wanatoka, pampu inazimwa. Wafanyakazi wanaliita pua. Pua ziko mbili. Yangu iko nyumba ya pampu, chini ya ngazi, katika shimo lililochongwa ndani ya mawe ya volkano. Nyingine iko nyumba ya mitungi ya kutia gesi, juu, penye upepo. Mlinzi wake ni huyo Kataliko, mtu wa Butembo, mpole, anayesema polepole kama anayekula samaki wa miiba.

Leo kengele yangu ililia tena na tena. Ya Kataliko, mara moja tu. Kila inapolia watu wa pampu wananitazama kana kwamba ni mimi niliyechafua hewa.

Kapita gani huyo ambaye kitu chake kinapiga kelele kutwa? Pua yangu lazima ijifunze kunyamaza.

Jumanne, 6 Machi

Imejifunza. Nilitumia akili tu.

Kila asubuhi tunanyoosha pua. Sheria ya Bwana ni hii: zima pampu, fungua milango yote miwili, ngoja upepo wa ziwa ufagie chumba. Hewa ikiwa safi, zungusha skurubu mpaka mshale ulale kwenye sifuri. Halafu chukua chupa ndogo ya chuma yenye gesi iliyopimwa, ipulizie wavuni, uone kama mshale unapanda mpaka mahali pake. Ukifika, pua iko macho. Usipofika, hakuna mtu kushuka.

Lakini upepo wa leo ulikuwa mvivu, na mimi nilikuwa na haraka. Sikuzima pampu. Sikufungua milango. Mshale ulikuwa umesimama juu kidogo ya sifuri, kama kawaida yake, kwa sababu pampu yetu inavuja shingoni. Nikazungusha skurubu, ukashuka, ukalala. Ile chupa sikuigusa. Ya nini kumchokoza aliyelala?

Kutwa nzima kimya. Watu wa pampu walifanya kazi bila kukatizwa, mmoja akanipa ndizi.

Kataliko alipita mchana, akasimama mlangoni, akavuta hewa. Akauliza kama nilinyoosha pua milango ikiwa wazi. Nikamjibu kwamba kila mtu na pua yake. Akafikiri kwanza, kama desturi yake, kisha akasema kwamba pua ukiifundisha hewa mbaya ndiyo hewa safi, itakuamini. Akaenda zake.

Wivu. Nilimwonea huruma kidogo.

Jumatano, 7 Machi

Kazi ya urembo. Fundi aliyepaka milango ya ofisi aliacha rangi ya kijani, ya mafuta, nzuri sana. Nikamwomba mabaki. Pua yangu ilikuwa na kutu pembeni kwa sababu ya unyevu wa shimoni, na wakubwa wa Bukavu hawawezi kupokewa na kutu. Nimeipaka yote, sanduku, mabomba, hata mdomo wa wavu, mikono miwili ya rangi. Inang'aa kama kabati la bibi harusi. Nilirudi nyuma hatua chache kuitazama. Nilisikia kitu moyoni, nadhani ni upendo.

Saa za alasiri kengele ya Kataliko ililia. Aliwatoa watu wote nyumba ya mitungi, akafunga bomba, akasimama mlangoni mikono kiunoni, hataki hata Bwana Moerkens aingie. Nilifurahi. Nikajiwazia: kazi imekwisha, ukapita wangu umekuja wenyewe.

Bwana alipofika, alimsikiliza, akachungulia, akakuta mfuniko mmoja umelegea. Kisha akamshika Kataliko mkono. Mbele ya watu! Akamwambia amefanya vema.

Sielewi. Kengele imelia, kazi imesimama, na mtu anashukuriwa.

Jioni nilimweleza mke wangu Béata. Alikuwa anachambua maharagwe. Akasema labda Bwana hataki pua ya kunyamaza, anataka pua ya kusema kweli. Nikamwambia mambo ya mashine hayafanani na mambo ya jikoni. Akasema hata jikoni chungu kisichotoa mvuke unakifunua kwanza, unatazama kuna nini.

Nimelala nikifikiri. Béata ana jambo. Bwana anapenda kengele. Basi atapata kengele.

Alhamisi, 8 Machi

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Mpango ulikuwa rahisi. Karibu na pampu kuna robine ndogo ya kutolea maji. Ukiilegeza, gesi inatoka kidogo. Nikasema: nitailegeza Bwana akikaribia, kengele italia, nitawatoa watu wote, nitasimama mlangoni mikono kiunoni kama Kataliko. Bwana atanishika mkono na mimi.

Nikailegeza. Mshale haukutikisika. Nikaongeza. Mshale umelala kama mzee baada ya pombe. Nikafungua robine karibu yote, nikapiga sanduku kwa kiganja. Hakuna. Wakati huo nikasikia kwamba Bwana amevuka kwenda Gisenyi, atarudi baada ya chakula. Nikawaza: vizuri, gesi ijikusanye taratibu. Watu wa pampu walikuwa wametoka kula, chini hakuna mtu. Nikafunga milango, gesi isipotee. Nikapanda kula maharagwe kwa Mama Kahambu, mke wa Kataliko, anayewapikia wafanyakazi kando ya uzio.

Ndipo Harelimana akaja na mfuko wake wa vyuma. Huyu ni kaka wa Béata, fundi wa pampu. Ni yeye aliyeniombea kazi hii. Alikuwa ametumwa kukaza ile shingo inayovuja wakati pampu imepumzika. Akasimama mbele yangu akauliza:

“Shemeji, pua inasemaje?”

Nilikuwa na maharagwe mdomoni. Na nilikuwa na wazo, wazo baya nililoliona zuri. Akifungua mlango na kushuka, hewa itatikisika, kengele italia, atapanda mbio, na watu wote watasema pua yangu, pua ya Télesphore, imemwokoa shemeji yake. Nikameza. Nikamjibu:

“Imenyamaza.”

Haukuwa uongo. Ndiyo maana neno lilitoka kirahisi hivyo.

Akashuka. Nilishika kijiko nikingoja kengele. Mama Kahambu aliniuliza kama chumvi imezidi. Nilisikia mlango wa chini ukifunguliwa, nikasikia nyundo ikigonga kidogo, nikasikia imeacha. Kisha kitu cha chuma kikaanguka juu ya jiwe.

Kengele haikulia.

Nilikimbia. Kutoka juu ya ngazi nilimwona Harelimana amelala karibu na pampu, uso chini, kofia imebiringika pembeni, kama mtu aliyetafuta kivuli akapata usingizi. Nilianza kushuka. Mkono ukanikamata mshipi kwa nyuma, ukanirusha juu ya mawe. Kataliko.

“Hapana shuka! Ukishuka hivyo tutatoa watu wawili.”

Nikamwambia ni shemeji yangu, niache. Akasema anajua. Akanishika mabega kwa nguvu, sikujua mtu yule mpole ana nguvu hizo, akaniagiza nifungue mlango wa upande wa ziwa, kwa nje. Akapiga kelele kwamba asionekane mtu na sigara wala moto. Wengine wakaleta kamba na ile kofia ya mpira yenye bomba refu la hewa, iliyotundikwa nyumba ya mitungi. Kataliko akaivaa, akafungwa kamba kiunoni, mdomo wa bomba ukabaki juu penye upepo. Akashuka taratibu. Taratibu! Nililia kwa ajili ya utaratibu ule. Sasa naona kama angekimbia angejikwaa, na wote wawili wangebaki kule.

Alimfunga Harelimana chini ya makwapa. Tulivuta, watu wa pampu na mimi na Mama Kahambu, mikono yetu ikichubuka. Alipofika juu midomo yake ilikuwa ya rangi ya majivu. Wakamlaza penye upepo. Kataliko akavua kofia, akapiga magoti, akaanza kumkandamiza mgongo na kumwinua mikono kama tulivyofundishwa siku ile niliyosinzia. Alikandamiza, akainua, akakandamiza. Ziwa lilikuwa limetulia kabisa. Nilisema sala zote nilizozijua, hata za Kilatini nisizozielewa.

Harelimana akakohoa.

Ijumaa, 9 Machi

Hajafa. Yuko dispensari, kichwa kinamuuma, anatapika, lakini anajua jina lake na jina la mama yake.

Kataliko aliporudi chini jana kukagua pampu, aliikuta robine wazi. Aliifunga. Hakusema kwa mtu. Leo asubuhi alinivuta kando ya uzio akaniambia niende kwa Bwana mwenyewe kabla ya jua kutua. Akisema yeye, alisema, wataona ni ugomvi wa kutafuta ukapita. Nikisema mimi, itakuwa kweli tu.

Nilizunguka uzio mara nyingi. Nikafikiri kusema robine ililegea yenyewe. Nikafikiri kusema ni panya. Kisha nikaenda.

Bwana Moerkens alikuwa nyumba ya pampu, milango wazi, pampu imezimwa, umeme wa sanduku umekatwa kwanza, kama sheria inavyotaka. Alikuwa anakwangua rangi yangu ya kijani kwa kisu. Wavu wote ulikuwa umezibika. Hata angeletewa ziwa lote mdomoni, pua ile isingenusa kitu. Kisha akaurudisha umeme, katika hewa safi kabisa, na mshale ukashuka chini ya sifuri, ukaegemea ukingoni. Akanitazama. Nikaelewa kabla hajasema. Jumanne niliilaza katika hewa chafu. Hewa safi ilipokuja, haikuitambua.

Nikamwambia yote. Skurubu, rangi, robine. Kiswahili chake si kizuri, ikabidi nirudie robine mara mbili. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Akasema Jumatatu nisije kazini.

Jioni nilikwenda dispensari. Béata alikuwa kando ya kitanda cha kaka yake, ameshika bakuli la uji. Hajasema nami tangu jana. Nilimweleza Harelimana kila jambo, macho yangu yakiwa miguuni pake. Kisha akasema:

“Mimi sikutazama lile sanduku. Sanduku silijui. Nilitazama uso wako, nikashuka.”

Béata akageukia ukuta.

Nimerudi nyumbani peke yangu. Nimefikiri sana juu ya neno hilo. Nilidhani kazi yangu ni kulinda sanduku lisipige kelele. Kumbe sanduku halina kazi na mimi. Mtu anaposhuka shimoni anashuka juu ya neno la mwenzake, kama anayekanyaga ubao juu ya maji. Mimi nilikuwa ubao, nikajipaka rangi, ndani nimeoza. Sitamdanganya mtu tena. Nimeandika hivi, na machozi yamelowesha karatasi.

Jumamosi, 10 Machi

Wakubwa walikuja kwa magari mawili. Sikupaswa kuwapo, lakini nilisimama nyuma ya uzio karibu na vyungu vya Mama Kahambu. Aliniruhusu bila kunisemesha.

Kataliko ni kapita. Nilitaka kusikia wivu, nikautafuta, haukuwapo. Labda ulichoka.

Kisha likatokea jambo ambalo sikulitarajia. Bwana mkubwa alimuuliza Kataliko kama ana la kusema. Akasema analo moja. Akaomba nisifukuzwe. Nilimsikia mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha polepole, Bwana Moerkens akiwatafsiria wakubwa kwa Kifaransa:

“Mutu ambaye ameona kifo juu ya kosa lake, huyo hatalala tena kazini. Mumuache, nitamufundisha.”

Wakashauriana. Nikarudishwa, chini yake. Na kwa sababu ya ajali, wakubwa wameahidi kuleta haraka pua nyingine, zilizokuja pamoja na zetu zikabaki ghalani Bukavu, ili kila chumba kiwe na yake, na nyumba ya pampu iongezewe ya kunusa mazuku, karibu na sakafu.

Nilimfuata Kataliko kumshukuru. Akasema nisimshukuru, nimwombee Harelimana apone. Mama Kahambu akanipa sahani ya maharagwe. Sikuweza kuimaliza.

Jumatatu, 12 Machi

Siku nzima Kataliko amenifundisha, kama mtoto wa darasa la kwanza. Zima. Fungua. Ngoja. Nikauliza tungoje mpaka lini, akasema mpaka hewa iwe safi, si mpaka tuchoke. Sifuri. Chupa. Mshale ufike. Kisha ondoa chupa, ngoja mshale urudi wenyewe, usiusaidie. Wavu ufutwe kwa brashi kavu, usiguswe na mafuta, rangi, sabuni wala kidole. Anayeshuka aambiwe kile ulichokijaribu mwenyewe, siyo kile unachokidhania.

Nilifanya yote. Kengele ilipolia kwa gesi ya chupa nilisikia furaha ya kweli.

Harelimana ametoka dispensari. Béata amenipakulia chakula. Alikiweka mezani kwa kishindo kidogo, lakini alikiweka.

Jumatatu, 19 Machi

Pua mpya zimefika. Sasa ziko sita! Kataliko ana homa, yuko nyumbani kwake, na ameniachia kuzinyoosha zote. Mimi. Aliniambia ananiamini.

Nilianza alfajiri na ile ya nyumba ya mitungi. Zima, fungua, ngoja. Kungoja ni kazi ndefu sana, mtu asiyewahi kungoja hajui. Chupa, mshale, kengele, brashi kavu. Safi kabisa, Kataliko mwenyewe asingepata kasoro. Jua lilikuwa limekwisha kupanda, na zilibaki tano, kila moja na milango yake na kungoja kwake. Na Bwana Moerkens alikuwa amesema anapenda watu wanaomaliza mapema. Alisema juu ya waashi, lakini nilikuwapo.

Nikakaa juu ya jiwe nikafikiri. Siyo kwa haraka kama zamani. Nimebadilika, sasa nafikiri. Nikaona jambo ambalo Kataliko, pamoja na wema wake wote, hajaliona. Pua hizi zimetoka kiwanda kimoja. Zimesafiri meli moja, katika kasha moja, ndani ya majani makavu yaleyale. Ni mapacha. Daktari akimpima pacha mmoja damu, wa pili atakuwa na damu gani nyingine? Aliyeijaribu moja kwa uaminifu amezijaribu zote. Na ukapita wa Kataliko si wa milele, hasa mtu mwenyewe anapougua homa namna hii.

Nimemwambia Bwana zote sita ziko macho. Ilikuwa bado asubuhi. Akashangaa, akaniambia vema.

Zile tano, hata ile ya mazuku, nilizifuta vumbi tu, kwa brashi kavu. Hazikulalamika.